Barua ya goti

Hapa Aberdeen tumeingia kwenye ule msimu wetu wa giza. Mtoto anakwenda shule gizani, na ikifika saa tisa na nusu alasiri jua limekwishazama. Mlioko Muscat na Dubai mtanicheka, lakini ndiyo hali yetu.

Mwezi huu nina kisa ambacho nilitaka kukificha. Mume wangu akasema, "Wewe kila mwezi unawashauri wenzako. Na hili waambie." Haya, nawaambia.

Kifungua mimba wangu ana miaka 12, ameanza sekondari mwaka huu. Mwanzoni mwa Novemba alirudi shule, akavua viatu, akakaa jikoni bila kufungua friji. Mama mwenye kijana wa umri huo anajua kwamba hiyo ni dalili. Nikamwuliza kuna nini. "Hakuna." Nikaendelea kukata vitunguu. Baada ya muda akasema, "Mama, naomba uniandikie barua kwa mwalimu. Sema goti linaniuma, nisiingie kipindi cha michezo mpaka Krismasi."

"Goti linakuuma?"

"Haliumi."

Kwa wasioishi Uskoti, nieleze. Huku shule nyingi zina desturi yake. Ikikaribia Krismasi, vipindi vya michezo vinaacha mpira na kuwa vipindi vya dansi. Watoto wanafundishwa dansi za kienyeji za Waskoti, zile za kucheza wawili wawili, kwa sababu mwisho wa muhula kuna sherehe iitwayo ceilidh. Inatamkwa "keili". Ni neno la Kigaeli, na asili yake ni kutembeleana: majirani kukutana nyumbani kwa mtu jioni, hadithi zikasimuliwa, nyimbo zikaimbwa, watu wakacheza. Siku hizi mtu akisema ceilidh ana maana ya sherehe ya dansi yenye kodiani, fidla na ngoma, na mtu mwenye maikrofoni anayewatajia wachezaji hatua.

Basi ndani ya ukumbi wa michezo wavulana wanapangwa ukuta huu, wasichana ukuta ule, na mwalimu anasema, "Tafuteni wenzenu." Fikiria una miaka 12, umeingia shule mpya, na unaambiwa uvuke ukumbi mzima huku watu wanakutazama, ukamwombe msichana mkono.

Mimi nilifanya nini? Niliandika barua. Ndiyo. Nilichukua kalamu nikaandika kwamba mwanangu ameumia goti na tunaomba apumzike. Nikatia sahihi.

Msinihukumu haraka. Nilipomwona amekaa pale jikoni nilijiona mwenyewe. Mwaka wetu wa pili hapa, mfanyakazi mwenzangu alituita harusini. Tukala vizuri, hotuba zikaisha, meza zikasogezwa, kodiani ikaanza. Watu wazima na watoto, bibi harusi na shangazi zake, wote walisimama kama walioitwa kwa majina. Kila mmoja alijua aende wapi na lini. Mimi nilikaa na mkoba wangu mapajani saa tatu nzima. Watu watatu walinijia kunialika, wote niliwaambia viatu vinanibana. Viatu havikunibana. Na mimi ni mtoto wa Tanga, jamani! Shuleni nilicheza mdumange mpaka mwalimu akanipeleka mstari wa mbele. Baba yangu alikuwa mpenzi wa Atomic Jazz, akisikia gitaa lake la solo haketi. Kilichonishinda siku ile ni kule kuonekana sijui, mbele ya watu wanaojua tangu utotoni.

Kwa hiyo kijana wangu aliposema goti, mimi nilisikia viatu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Barua ilipokelewa bila swali. Akawekwa kwenye benchi la wagonjwa. Lakini mwalimu hakutaka mtoto akae bure, akampa kazi ya kubonyeza muziki: anza, simamisha, rudia. Wiki mbili kijana wangu alikaa pale akiwachezeshea wenziwe muziki. Nyumbani akawa mkimya zaidi kuliko kabla ya barua. Nikadhani nimemwokoa, kumbe nimempa kiti cha kutazamia wenzake wakifurahi.

Jumapili moja, tukiwa tunakunja nguo, ndipo aliposema ukweli wa mambo. Siku ya kwanza ya dansi hakukaa benchi, alicheza. Msichana aliyepangwa naye alivuta mkono wa sweta ukafunika kiganja chote, ndipo akampa mkono. Akamshika kwa sweta mpaka wimbo ulipokwisha.

Nguo niliyoshika niliiweka chini. Mnajua nilichofikiria, sina haja ya kukiandika. Kila mzazi mweusi mwenye mtoto kwenye shule ya wazungu anakijua kile kitu kinachopanda kutoka tumboni. Nilimwambia mume wangu kesho asubuhi nakwenda shuleni. Yeye akaniambia, "Nenda, lakini kwanza muulize swali moja. Wale wengine wanashikanaje?"

Nikamwuliza. Kijana akafikiri. Unajua, yeye wiki mbili alikuwa na kazi ya kukaa na kutazama. Akasema, "Karibu wote wanavuta sweta. Hata mvulana na binti ya mama yake mdogo walivuta sweta." Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Lakini yule wangu sijui, Mama. Wengine sweta zilikuwa zinarudi wakianza kuzunguka. Yake haikurudi."

Nikamwambia ukweli: na mimi sijui. Inawezekana ni haya za watoto wa miaka 12, ambao hawataki kushikana mikono na kiumbe chochote. Inawezekana ni lile jambo jingine. Hatukuwa na njia ya kuujua moyo wa mtoto wa mwenzetu kwa sababu ya sweta. Tukakubaliana mambo mawili. Likitokea tena, au akisikia neno lolote baya, ataniambia siku hiyohiyo na nitakwenda shuleni. La pili, hatutakaa benchi kwa sababu ya kitu tusichokijua.

"Basi goti limepona?" nikamwuliza.

"Limepona. Lakini sasa wao wanajua hatua zote, mimi sijui hata moja."

Hapo ndipo mama mtu alipoingia darasani.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na kuna bibi mmoja pale, ana miaka zaidi ya 90, miguu haimbebi tena lakini ulimi unambeba. Zamu ya mchana nilimwuliza kama anajua dansi iitwayo Gay Gordons, maana hiyo ndiyo inayofungua sherehe. Alinitazama kama nimemwuliza kama anajua uji. Akaniambia nisogeze viti. Mwenzangu wa zamu akawa mwanamume wangu, na bibi akakaa kitini na fimbo yake akitugongea mapigo sakafuni.

Jina lisiwasumbue. Neno la kwanza zamani lilikuwa na maana ya wachangamfu, na Gordons ni askari: kikosi cha Gordon Highlanders, kilichoundwa mwaka 1794 na kuchukua vijana wake wengi huku kaskazini mashariki mwa Uskoti. Kilidumu kwa jina lake mpaka 1994 kilipounganishwa na kikosi kingine, na makumbusho yake yapo hapa hapa Aberdeen. Ndiyo maana muziki wa dansi hii una mwendo wa gwaride. Ukiweza kutembea, unaweza kuanza.

Nawapeni hatua zake, huenda zikamfaa mtu.

Wachezaji wanasimama wawili wawili katika duara kubwa, wote wakitazama kinyume cha mwendo wa saa. Mwanamume yuko upande wa ndani, mwanamke kuliani kwake. Mikono ya kushoto inashikana mbele. Mkono wa kulia wa mwanamume unapita nyuma ya mabega ya mwanamke na kumshika mkono wake wa kulia, ulioinuliwa usawa wa bega. Mnatembea mbele hatua nne. Kisha, bila kuachiana mikono, mnageuka papo hapo na kutazama mlikotoka, mnatembea kinyumenyume hatua nne. Yaani nyuso zimegeuka lakini safari ni ileile. Halafu mnafanya vilevile kurudi: mbele nne, geuka, kinyumenyume nne. Mkimaliza, mkono wa kushoto unaachiwa, wa kulia unainuliwa juu, na mwanamke anazunguka chini yake kama pia, mwenziwe akimfuata taratibu. Mwisho mnashikana kifua kwa kifua kama wacheza dansi wa kawaida na kuzunguka kwa mwendo wa polka, mkisonga mbele kwenye duara. Muziki haungoji. Mara mnaanza tena.

Ukisoma inaonekana rahisi. Tatizo lipo pale pa kugeuka. Ukigeuka kwa kuwaza mikono, mikono inafungana kama kamba ya kisima. Mara tatu mimi na mwenzangu tulijikuta tumetazamana, kila mmoja ameshika kiwiko cha mwenziwe. Bibi akagonga fimbo. Akasema tusishughulike na mikono wala tusitazame miguu, tugeuze mabega tu, mikono itajua njia. Na kweli, ukigeuza mabega mikono inajipanga yenyewe, aliyekuwa kulia anajikuta kushoto. Nikamwuliza alijifunza wapi. Akasema shuleni, na kwamba wavulana walikuwa na viganja vyenye majasho, na yeye alikuwa akivuta mkono wa sweta.

Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kutazama. Sikumweleza kwa nini.

Jioni ile nilisogeza meza ya jikoni ukutani. Muziki ukatoka kwenye simu. Kijana wangu tayari ni mrefu kama mimi, kwa hiyo mkono wake ulipita mabegani mwangu bila shida. Mdogo wake wa miaka 6 akawa na fimbo ya kugonga, yaani mwiko. Jikoni kwetu ni hatua tatu, siyo nne, kwa hiyo hatua ya nne tuliikanyaga papo hapo mbele ya jiko. Siku ya kwanza tulivunja kikombe. Siku ya tatu tuligeuka bila kufungana. Siku ya nne mume wangu, aliyetoka zamu ya usiku, alisimama mlangoni na taulo begani akatutazama, akasema, "Mbona kama beni?"

Nilitaka kumkatalia, kisha nikanyamaza. Wasomaji wa Mombasa mnajua kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 pwani yetu ilikuwa na vyama vya beni, watu wakicheza kwa mwendo wa gwaride na kushindana kwa mavazi na bendi. Kimoja kiliitwa Kingi, na hasimu wake aliitwa Scotchi, jina lililotokana na Waskoti. Babu zetu waliona gwaride la wageni, wakalichukua, wakalifanya ngoma yao. Hata neno letu dansi tulilipata kwa njia hiyo, na wazee wetu wakacheza waltz na foxtrot kwenye vilabu vya miji ya pwani kabla rumba haijawateka. Hakuna aliyewaambia kwamba wamepotea. Walicheza wakiwa wao wenyewe.

Kilichobaki kilikuwa barua. Goti haliwezi kupona kimyakimya kama liliumwa kwa maandishi. Kijana akapendekeza niandike kwamba daktari ameruhusu. Hapo nikaona nilichokuwa nimemfundisha: kwamba mambo yakiwa magumu Mama anaandika uongo mzuri, na ukiisha unahitaji mwingine. Nikakaa naye mezani, nikaandika mbele yake: "Mwalimu, goti la mwanangu halikuwa na tatizo. Aliogopa dansi, nami nilimsaidia kuuficha woga wake. Naomba radhi. Anaomba kurudi." Nilipotia sahihi mkono ulikuwa mzito kuliko siku ya ile ya kwanza.

Jibu lilikuja kesho yake, mistari miwili. Mwalimu alishukuru, akasema aje Jumanne, na kwamba kila mwaka anapata barua za magoti mengi mwezi wa Novemba.

Nikampigia simu pia, nikamweleza habari ya sweta, bila kumtuhumu mtoto wa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia kwamba nimekosea kuwaza nilivyowaza, na hilo lilinituliza. Tangu wiki ile hakuna tena kuchagua wenza. Watoto wanapangwa kwenye duara mbili, na kila wimbo ukiisha duara ya nje inasogea mtu mmoja mbele. Kila mtoto anacheza na kila mtoto.

Sherehe yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya muhula, wazazi tukakaribishwa. Kijana alivaa shati jeupe na tai ya baba yake. Wenziwe wengine walikuwa na kilti, ile sketi ya Kiskoti. Sisi tukakaa kwenye viti vya pembeni, mume wangu akiwa na viatu vya kazini, mimi na mkoba mapajani. Wakacheza zile za mistari na zile za watu watatu watatu. Nilimtafuta kwa macho kila duara. Mara moja alikosea njia na kugongana na mtoto mnene mwenye nywele nyekundu, wakacheka wote wawili, wakaendelea. Sikuweza kuona mikono ya sweta kutoka pale nilipokaa, na baada ya muda niliacha kuitazama.

Kabla ya mwisho mwenye maikrofoni akasema sasa wazazi waingie, Gay Gordons ya kumalizia. Nikamtazama mume wangu. Akanionyesha viatu vyake. Nikasema basi, tutapiga makofi.

Kijana wangu alikuwa upande wa pili, amesimama na wenziwe. Alitoka kwao akavuka ukumbi, katikati kabisa, watu wote wanaona. Akafika mbele yangu.

"Mama," akasema, "weka mkoba."

Nikampa baba yake mkoba.

Sasa, wapenzi, machache kabla sijawaaga. Kwanza, kama dini yako au mila ya nyumbani kwako haikubali mtoto kucheza hivi, ni haki yako, na mwambie mwalimu hivyo hivyo ilivyo. Zungumza naye mapema, kabla vipindi havijaanza, muone mtoto atafanya nini wakati huo. Lakini usimpe mtoto goti la uongo, wala usiifanye dini kuwa goti kama tatizo ni woga. Watoto wanajua tofauti.

Pili, akikuletea jambo la kuumiza, lisikilize lote kabla ya kulipa jina, na usimwambie kwamba hakuna kitu. Mwambie "sijui" kama hujui, kisha mkalifuatilie pamoja.

Tatu, mkialikwa harusi ya Kiskoti, au ya Kipolandi, au ya Kiswidi, msiseme viatu vinabana. Simameni nyuma ya watu wanaojua, geuzeni mabega, mengine yatajipanga. Mkikosea hakuna atakayewakumbuka kesho, maana nusu ya ukumbi inakosea pia.

Yule bibi wa kazini nilimpelekea habari Jumatatu. Aliuliza jambo moja tu: kama tulifungana mikono pale pa kugeuka. Nikamwambia mara moja tu, na kosa lilikuwa langu.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Niandikieni: ninyi huko mliko, watoto wenu wamewafundisha kucheza nini?

Ndimi Mama Watoto, Aberdeen